Kijana amefaulu masomo yote, lakini shule ya Texas imemnyima krediti kwa sababu ya mahudhurio

Mjomba wa Kirua (Moshi)

Ndugu zangu, nawasalimu. Naandika kwa niaba ya dada yangu anayeishi Texas, karibu na Houston, ambaye anauguza wazee kwa zamu za usiku na amechoka kiasi kwamba jambo hili amelikabidhi kwangu, ingawa mimi niko huku Moshi na shule za Marekani nazijua kwa kusimuliwa tu.

Mwishoni mwa Novemba tulimpoteza mama yetu mzazi, kule Kirua Vunjo. Mwana wa dada, ambaye sasa yuko darasa la 11, alilelewa na huyo bibi yake hadi alipofikisha miaka minane. Alilala chumba kimoja naye, akamsaidia kukata majani ya ng'ombe, na hakuna mtu katika ukoo wetu ambaye angethubutu kumwambia abaki Marekani wakati bibi yake anazikwa mgombani bila yeye kuwepo. Dada aliiandikia shule barua pepe ya mistari miwili kwamba wamefiwa, wakapanda ndege. Mazishi yalifanyika ndani ya wiki ya kwanza, lakini baada ya hapo kulikuwa na matanga na kikao cha ukoo, na kubadilisha tarehe ya tiketi kulitaka fedha ambazo dada hakuwa nazo, hivyo wakabaki hadi baada ya Krismasi, mwezi ambao Wachaga wote hurudi nyumbani. Kijana akawa amekosa siku 15 za masomo, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Desemba hadi siku shule ilipofungwa.

Aliporudi Januari alipewa mitihani ya mwisho wa muhula aliyoikosa, akaifanya, na akafaulu yote. Kemia alipata 84, Historia ya Marekani 91, na huko alama ya kufaulu ni 70. Tulimshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya shule, ambayo dada aliipiga picha akanitumia kwenye simu. Inasema kwamba katika masomo yote manane ya muhula ule mwanafunzi hatapewa krediti, kwa sababu mahudhurio yake yako chini ya asilimia 90. Kila somo lina nusu krediti kwa muhula, kwa hiyo amepoteza krediti 4 kati ya 26 anazotakiwa kuwa nazo ili ahitimu kwa mpango aliouchagua.

Ninachoomba kueleweshwa ni hiki: inawezekanaje mtoto afaulu mtihani halafu somo lihesabiwe kama hakulisoma? Je, kuna mahali pa kukata rufaa? Nimekwisha kuchukua barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha msiba, yenye muhuri, lakini sijui kama huko ina uzito wowote. Tena dada ameambiwa na jirani kwamba mzazi anaweza kupelekwa mahakamani kwa utoro wa mtoto, na tangu hapo hapati usingizi hata mchana anapotakiwa kulala.

Mwalimu Sakina (Arusha)

Pole sana ndugu kwa kumpoteza mama, na umpe pole dada. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari hapa Arusha. Ya Texas nawaachia wanaoyajua, ila nadhani naweza kuonyesha ni wapi mazoea yetu yanawapotosha, kwa sababu wazazi wengi hupeleka ughaibuni fikra za shule walizosoma wao.

Kwetu, mwanafunzi hakusanyi krediti. Anapimwa na mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ambao unabeba asilimia 70 ya alama zake, na alama endelevu zinazotoka shuleni zinabeba asilimia 30. Mahudhurio yenyewe hayana alama hata moja. Mtoro anaumia kwa njia ya kuzunguka, yaani anakosa majaribio na kazi zinazoingia katika ile asilimia 30, na anakosa mada ambazo Novemba zitamsubiri kwenye karatasi. Kisheria, utoro unakuwa jambo la kumfuta mwanafunzi kwenye rejesta pale anapotoweka siku 90 mfululizo bila taarifa, na hata huyo siku hizi anaweza kurejeshwa kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliofungua mlango kwa walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito.

Jambo la pili ni namna tunavyohesabu. Kila asubuhi mwalimu wa darasa anafungua rejesta, anaita majina, na aliyeitika amehesabiwa kuwepo siku nzima, hata kama saa nne atapenya kwenye ua wa michongoma akaenda zake stendi. Na mzazi akija na barua ya msiba, mkuu wa shule anatoa ruhusa, na sisi walimu kwa mioyo yetu tunaichukulia ruhusa ile kama imefuta siku zenyewe. Kwa barua uliyoieleza nina wasiwasi kwamba kule ruhusa na mahudhurio ni vitu viwili tofauti. Kama yupo aliyepitia shule za huko, atusaidie.

Mama Majengo (Moshi)

Kaka, poleni sana. Nimeishi Texas miaka 12 kabla ya kurudi Moshi, na mwanangu wa pili alikumbwa na jambo linalofanana na hili, kwa hiyo ninayoyaandika niliyasoma kwa macho yangu wakati nikiyahitaji.

Mwalimu ameligusa penyewe. Sheria ya Elimu ya Texas, kifungu cha 25.092, inasema mwanafunzi hawezi kupewa krediti wala alama ya mwisho ya somo ikiwa hakuhudhuria angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo hilo lilifundishwa. Tafadhali usome tena maneno hayo ya mwisho. Hesabu ni ya kila somo peke yake, na kila kipindi mwalimu wa somo anaita majina upya. Shule nyingi za kule zina ratiba ya kupokezana, leo masomo manne, kesho masomo manne mengine, hivyo kila somo hukutana kama mara 42 tu katika muhula. Asilimia 90 ya 42 ni 37.8, kwa maana kwamba kijana anaruhusiwa kukosa mara nne, na mara ya tano krediti imeshikwa. Kwa ratiba ya namna hiyo, siku 15 ni mara saba au nane kwa kila somo, na ndiyo maana barua imetaja masomo yote manane. Kama ratiba yao ni ya masomo yote kila siku, hesabu itabadilika, kwa hiyo muulize kijana.

Lile la ruhusa ndilo linalowaumiza Watanzania wengi. Kule, ruhusa ya mzazi inamwondolea mtoto jina la mtoro, lakini haiondoi siku kwenye hesabu ya asilimia 90. Zipo siku chache ambazo sheria yenyewe inazitaja kwamba aliyekosa ahesabiwe kama alikuwepo, mradi amalize kazi alizozikosa: sikukuu za dini, kuitwa mahakamani, kwenda kula kiapo cha uraia, kwenda kwa daktari na kurudi darasani siku hiyohiyo, na nyingine chache za aina hiyo. Msiba wa bibi ng'ambo ya bahari haumo.

Sasa msikate tamaa, kwa sababu kifungu hichohicho kimeacha milango miwili. Mwanafunzi ambaye mahudhurio yake yako kati ya asilimia 75 na 90 anaweza kupewa krediti akimaliza mpango uliokubaliwa na mkuu wa shule, ambao kwa kawaida ni kufidia saa kabla au baada ya vipindi, shule ya Jumamosi, au kazi za ziada za somo husika. Aliye chini ya 75, au aliyeshindwa kuutimiza mpango ule, anapeleka ombi la maandishi kwa kamati ya mahudhurio. Kamati hii inateuliwa na bodi ya wilaya ya shule, yaani bodi inayosimamia shule zote za eneo lile, wengi wa wajumbe wake lazima wawe walimu wa darasani, na ina mamlaka ya kumpa krediti kutokana na mazingira yaliyokuwa nje ya uwezo wake. Ikikataa, rufaa inakwenda kwenye bodi, na bodi ikikataa, mzazi anaweza kwenda mahakama ya wilaya ambayo itasikiliza jambo upya tangu mwanzo. Sijaona aliyefika huko, na mimi mwenyewe niliishia kwenye kamati.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya dada ni kuomba rekodi ya mahudhurio ya kila somo, kipindi kwa kipindi, wala asitosheke na jumla iliyoandikwa kwenye barua. Mwanangu tulipoiomba tulikuta kipindi cha kwanza amewekewa alama ya kutokuwepo mara tatu, kumbe siku hizo alichelewa basi akaingia darasani dakika 25 baada ya kengele, na kwa kanuni za shule yake kuchelewa kiasi hicho kulihesabiwa kuwa ni kukosa. Siku mbili nyingine zilikuwa kosa la mwalimu tu, mtoto alikuwepo na kazi zake za siku hizo zilisahihishwa, zikarekebishwa palepale. Masomo mawili yalipanda kutoka 73 kwenda juu ya 75 kwa sababu hiyo.

Kuhusu mahakama, mtulize dada. Kinachompeleka mwanafunzi mahakamani Texas ni kukosa bila udhuru siku 10 au zaidi, au sehemu za siku, ndani ya miezi sita ya mwaka uleule wa shule, na tangu 2015 shauri lenyewe ni la madai, si la jinai kama zamani. Mzazi anaweza kushtakiwa ikiwa kwa uzembe ndiye aliyesababisha mtoto asiende, na adhabu yake ni faini, isiyozidi dola 100 kwa kosa la kwanza. Hafungwi. Ila aangalie mara moja kwenye rekodi kama zile siku 15 zimeandikwa kuwa na udhuru au la, maana barua pepe ya mistari miwili, bila tarehe ya kuondoka wala ya kurudi, inaweza kuwa imefunika siku mbili tatu tu za mwanzo.

Kibosho Juu (Moshi)

Nimesoma yote kwa makini na namshukuru Mama Majengo, lakini naomba nisikubaliane na mwelekeo wa kuiona kanuni hii kama jambo la kujaza karatasi tu. Mtoto amefanya mtihani uleule waliofanya wenzake, amepata 84. Kama Kemia anaijua, shule inalinda kitu gani inapomwambia arudie? Naona hapa kiti kimepewa thamani kuliko akili ya aliyekikalia. Sisi tuliosoma shule za kata miaka ile, tulitembea kilomita saba kwenda na saba kurudi, na wakati wa masika mto ukijaa tulibaki nyumbani wiki nzima, lakini hakuna aliyetuambia kwamba kidato cha nne hatutakihesabiwa. Tulifanya mtihani wa taifa kama wengine, aliyefaulu akafaulu.

Tena kuna swali la utu. Mtoto kumzika bibi aliyemlea ni wajibu, na mila yoyote inaliona hilo. Sheria inayomruhusu kijana kukosa darasa ili akale kiapo cha uraia lakini haimruhusu kumzika aliyemlea ina kasoro, na wazazi wetu walioko kule waseme hivyo kwenye hizo bodi zao badala ya kuinamisha vichwa.

Mwalimu Sakina (Arusha)

Ndugu wa Kibosho, hoja ya utu naiunga mkono yote, na ningependa wazazi waliko huko waipeleke mbele kwa sauti. Ila kuhusu kiti na akili, naomba nikueleze ninachokiona kila mwaka.

Kwetu mtihani mmoja wa mwisho ndio unaomhukumu mtoto kwa sehemu kubwa, hivyo hatuna haja ya kumfungia alama kwa mahudhurio, kwa kuwa karatasi ya Novemba itamfunga yenyewe. Mwaka wetu wa masomo una siku 194, na ninao wanafunzi wanaokosa siku 40 au 50 kati ya hizo, hasa msimu wa kuvuna kahawa na siku za mnada, bila mtu yeyote kuandika barua wala kuuliza. Nawaona kidato cha pili, nawaona kidato cha tatu, kisha matokeo yakitoka ndipo mzazi anakuja ofisini kwangu na kuuliza kwa nini. Wakati huo sina cha kumsaidia isipokuwa kumwelekeza ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wenzetu wa Texas krediti inatolewa na shule yenyewe, muhula kwa muhula, kwa hiyo mahudhurio ndiyo kengele yao, na inalia wakati mtoto bado ana mwaka mmoja na nusu wa kufidia. Ni kali, lakini naitamani kengele ya namna hiyo mapema kuliko kilio cha Januari.

Nakubali hata hivyo kwamba kijana huyu si mtoro, na kengele imemlilia asiyehusika. Ndiyo maana kamati ipo, na ndiyo maana wingi wa wajumbe wake ni walimu.

Kuhusu barua ya mtendaji, mjomba, itumie, ila isitangulie peke yake. Iambatanishe na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vifo, na barua ya parokia au usharika inayotaja tarehe ya ibada ya mazishi, kisha kila kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayetambulika, mwenye kuweka saini na muhuri. Mwalimu wa Houston hajui mtendaji wa kijiji ni nani, hivyo tafsiri ieleze kwa sentensi moja kwamba ni ofisa wa serikali.

Mjomba wa Kirua (Moshi)

Nawashukuru wote kwa dhati. Nilichelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunafuatilia.

Dada aliomba rekodi ya kila somo kama alivyoelekeza Mama Majengo, na shule ikampa siku ileile. Ratiba yao ni ya kupokezana, mara 42 kwa kila somo. Nilikaa na karatasi na kalamu usiku, dada akinisomea kwenye simu. Masomo manne ya siku za kwanza kijana amekosa mara nane kwa msiba na mara moja alipougua Septemba, jumla tisa, ambayo inampa mahudhurio ya asilimia 78 na kidogo. Manne ya siku za pili amekosa mara saba na moja nyingine ya ugonjwa, jumla nane, karibu asilimia 81. Isipokuwa Kiingereza, ambacho ni kipindi cha kwanza. Humo, mbali na zile tisa, kuna tatu za kuchelewa, na 30 kati ya 42 ni asilimia 71.

Nilimuuliza kijana kuhusu hizo tatu. Alinyamaza, kisha akasema kwamba zilikuwa siku ambazo mama yake alichelewa kutoka zamu, naye akabaki na mdogo wake wa miaka minne hadi mama aliporudi, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Hakumwambia mwalimu kwa kuwa aliona ni siri ya familia. Dada alikuwa anasikiliza upande wa pili, na sote watatu tulikaa kimya kwa muda.

Mkuu wa shule ameshakubali mpango kwa yale masomo saba. Atahudhuria Jumamosi na kubaki baada ya vipindi Jumanne na Alhamisi hadi mwishoni mwa Machi, na akitimiza, krediti zinarudishwa. Kiingereza kinakwenda kwenye kamati. Swali langu la mwisho ni kama lile la mdogo wake liandikwe kwenye ombi au liachwe. Dada anaogopa kwamba akilisema, shule itamwona mama mzembe.

Mama Majengo (Moshi)

Liandikwe, kaka, na dada aliandike yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa Kiingereza chake kilekile anachozungumza kazini. Kamati inatafuta sababu iliyokuwa nje ya uwezo wa mwanafunzi, na hii ni sababu yenye uzito kuliko hata msiba, kwa kuwa kijana hakuchagua zamu ya mama yake. Ili asionekane mzembe, aambatanishe karatasi ya ratiba ya kazi kutoka kwa mwajiri inayoonyesha saa za kutoka siku hizo tatu, kisha aeleze amepanga nini tangu sasa: jirani gani atakaa na mdogo, au zamu gani ameomba abadilishiwe. Mimi nilipoulizwa swali hilo la mwisho sikuwa nimeliandaa, na wajumbe walinisubiri nikitafuta maneno.

Jambo jingine la kuomba mapema ni mtihani wa kurudisha krediti. Kamati ikiridhia, wilaya nyingi za shule humruhusu mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa somo afanye mtihani wa somo zima, na akipata asilimia 70 anapewa krediti yake. Kwa kijana aliyefaulu tayari, huo ni mlango mwepesi kuliko kurudia muhula mzima wa Kiingereza wakati wa kiangazi. Dada aandike kwenye ombi kwamba yuko tayari kwa mpango, au mtihani, au vyote viwili, kwa namna kamati itakavyoona.

Na amwombe mwalimu wa Kiingereza barua fupi. Wangu aliandika aya moja tu kuhusu daftari la mwanangu, na ndiyo iliyosomwa kwa sauti mle chumbani.

Mjomba wa Kirua (Moshi)

Nimemsomea dada maneno haya yote sasa hivi, kabla hajaingia zamu. Anasema mwalimu wa Kiingereza ni mama mmoja aliyemtumia kijana kadi ya pole mwezi Desemba, naye hakuwahi kuijibu. Atamwendea kesho saa moja na nusu asubuhi, akitoka kazini, kabla hajalala.